Watu wa Chui Walipokuwa na Adabu

Nilipomaliza masomo na kurudi Lubumbashi, baba yangu aliwatangazia majirani kwamba binti yake sasa ni daktari. Kesho yake mama mmoja wa mtaa wetu akaja na mtoto mwenye homa. Ilinibidi nieleze pale mlangoni, baba akisikia, kwamba mimi si daktari wa namna hiyo. Sina sindano, sina dawa. Kazi niliyosomea ni ya kuzungumza na watu waliougua akili, na watu wanaoishi nao. Yule mama alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akamgeukia baba.

"Alors, huyu iko munganga ya maneno," alisema.

Baba alikuwa mtu wa reli, kama baba yake aliyeshuka kutoka kaskazini mwa Katanga kuja kutandika njia hiyo hiyo. Hakuona aibu hata kidogo.

"Ndiyo, ya maneno," alijibu. "Ku reli, chefu wa gare, mukubwa wa stesheni, akisema neno moya mubaya mu telefoni, treni mbili zinagongana. Usizarau maneno, mama."

Mtoto tulimpeleka zahanati. Lakini jina la munganga wa maneno lilinibakia, na miaka iliyofuata nililibeba kwa furaha kuliko cheo chochote nilichoandikiwa na serikali.

Nasimulia hapa habari ya mgonjwa mmoja tu. Majina siyaandiki. Miaka ile majina yetu wenyewe yalikuwa yamebadilishwa kwa amri ya chama kilichotawala nchi, na wengi wetu tulikuwa na moja la kazini, moja la nyumbani na moja la kanisani. Msomaji hatapoteza kitu akiyakosa yote.

Nilipangiwa kazi katika wodi ya wagonjwa wa akili, na kwa muda mrefu nilikuwa mwanasaikolojia wa pekee pale. Wagonjwa waliletwa wakiwa katika hali mbaya, walitibiwa, walipata nafuu, walirudishwa kwao. Baada ya msimu mmoja au miwili niliwaona tena getini, wengine wakiwa wamefungwa kamba. Nilijiuliza swali ambalo mwandishi yeyote wa habari angejiuliza: kati ya geti hili na mlango wa nyumba yake, kumetokea nini? Nilimpelekea daktari wetu mkuu swali hilo. Alikuwa mtu mwema, mchovu, aliyevaa abakosti yake, ile suti ya chama isiyo na tai, hata siku za joto kali, na alikuwa na wagonjwa wengi mno kuweza kumfuata hata mmoja.

"Wewe nenda," aliniambia. "Uende kwenye nyumba zao. Lakini urudi na kitu ambacho ninaweza kukitumia. Usiniletee huruma tu, ninayo ya kutosha."

Hivyo nikaanza kutembea kwa miguu katika kambi za wafanyakazi na katika mitaa ya Lubumbashi iitwayo Kenya, Katuba na Ruashi, viatu vyangu vikiwa vyekundu kwa vumbi kuanzia Mei mpaka mvua za kwanza. Wauguzi walinitania kwamba mimi ndiye mfanyakazi pekee anayelipwa kwa kutembelea watu na kunywa maji yao.

Mgonjwa ninayemkumbuka zaidi alikuwa fundi wa kalibu. Alifanya kazi katika karakana kubwa iliyoyeyusha chuma na kutengeneza vipuri vya mashine za migodini. Kazi yake ilikuwa kushindilia mchanga wenye unyevu kuzunguka kielelezo cha mbao, kukitoa kielelezo bila kubomoa hata punje, kisha kulainisha kingo kwa vidole kabla chuma cha moto hakijamiminwa ndani. Kosa la unene wa ukucha, na gurudumu zima linatupwa. Wenzake waliniambia kwamba mtu huyu hakuhitaji kupima. Alipitisha kidole tu na akajua. Alikuwa na mke, watoto, na nyumba ya matofali ya vyumba viwili katika kambi ya karakana.

Ugonjwa ulimjia polepole. Kwanza alisikia tanuru likimwita. Kisha akasikia sauti ya msimamizi wake ikizungumza ndani ya kichwa chake hata siku ambazo msimamizi hakuwapo kazini. Siku moja, chuma kikiwa tayari kumiminwa, alisimama mbele ya kalibu zake akanyoosha mikono na kumkataza kila mtu asisogee, kwa sababu, alisema, kuna mtu amelala ndani ya mchanga. Akaanza kuufukua kwa mikono. Hakuna aliyeumia. Wenzake wawili walimshika mkono huku na huku, wakamleta kwetu kwa miguu, wakizungumza naye njia nzima habari za mpira.

Alilazwa wiki kadhaa mwanzoni mwa kiangazi. Alipotulia aliruhusiwa kurudi nyumbani, akiwa na vidonge vya kila siku na sindano ya kila mwezi. Ila karakana ilikuwa na utaratibu wake: mfanyakazi aliyeugua akili alipitia mbele ya kamisheni ya uganga, yaani tume ya afya ya karakana, na kamisheni ndiyo iliyosema kama anarudi kazini au anaachishwa. Yake ilipangwa kukaa kabla ya mvua. Na nyumba ya kambini ilikuwa ya kazi. Kazi ikienda, nyumba nayo inaenda, na watu walio ndani yake wanapakia vitu juu ya toroli. Kambi nzima ilijua hivyo, na mke wake alijua kuliko wote.

Wiki chache baada ya kutoka, nilianza kumtembelea. Mke alinipokea kwenye ukumbi mdogo uliofagiliwa, akanipa kiti na maji. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye maneno machache, ambaye alimaliza kila jambo alilolianza kabla hajakujibu.

"Sindano ya mwezi huu amekataa," aliniambia kwa sauti ya chini. "Anasema atameza kidonge tu, na kidonge nacho simuoni akimeza."

Mume wake alikuwa ameketi chumba cha pili, uso ukielekea ukuta. Nilivuta kiti changu mpaka mlangoni, si ndani. Tulizungumza habari za kaka yake aliyekuwa mchimbaji Kipushi, habari za bei ya unga, habari za baridi ya Julai. Alijibu vizuri. Kisha, bila kubadilisha sauti, akasema:

"Mama, ba jirani banajua kitu. Bananifichia."

"Unajuaje, tata?" nilimwuliza, kwa neno letu la kumheshimu mwanaume.

"Sababu siku hizi banakuwa na heshima."

Sauti aliyosikia, alieleza, ilikuwa imemwambia kwamba amekwisha kufa kule kwenye mchanga, na kwamba mtu anayetembea kambini ni mwili tu ambao watu wanausindikiza kwa adabu mpaka utakapoanguka. Yeye hakuiamini mwanzoni. Lakini kila asubuhi alipochungulia nje, aliona ushahidi.

Kitabuni, maneno kama hayo yana jina lake, na mtu anaweza kuliandika na kwenda zake. Nilitembea kurudi hospitali nikiwa na lile jina mdomoni, nikaona halinitoshi. Mgonjwa alikuwa ameniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba amekufa: hilo lilikuwa la ugonjwa. La pili, kwamba majirani wamebadilika: hilo linaweza kuchunguzwa. Ziara iliyofuata nikamwuliza mke.

"Ndiyo, njo kweli," alisema, akaacha kuchambua maharagwe. "Ule mama mwenye anauzisha munkoyo, pale ku kona. Zamani kila asubuyi alikuwa anamutukana. Kila asubuyi. Sasa anapita, anasema, 'Jambo, tata, umelala muzuri?' Mpaka miye naogopa."

"Alikuwa anamtukana kwa nini?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni, na kweli kwa jambo hilo nilikuwa mgeni.

"Mama, yee iko muntu wa Chui. Bwana yangu iko muntu wa Mbuzi."

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Watu wa upande wa Sakania, ambako ukoo wa fundi huyu ulitoka, wana koo zenye majina ya wanyama na vitu, na baadhi ya koo hizo ni watani. Chui humla Mbuzi, kwa hiyo watu wa Chui na watu wa Mbuzi wana haki ya kutukanana popote wanapokutana, hata wakiwa hawajuani, hata msibani. Na asiyeweza kustahimili ndiye mwenye aibu. Ni watani hao hao ndio wanaokuosha na kukuzika. Mtu asiye na mtani wa kumtukana ni kama mtu aliyesahauliwa na hesabu ya dunia. Kambini, ambako watu walitoka pande zote, utani huo ulisafiri nao kwenye mabehewa ya treni na ukaendelea kuishi kwenye mistari ya nyumba za matofali.

Sasa nikaelewa alichokuwa anakiona dirishani. Watu wa Chui wa kambi nzima, kwa kumhurumia, walikuwa wamemwondolea utani. Walimsalimu kama mkwe. Kwa mtu wa pale, hakuna kitu cha kutisha kuliko hicho. Majirani walidhani wanampa mgonjwa amani. Kumbe walikuwa wanamthibitishia, asubuhi kwa asubuhi, kwamba sauti inasema kweli.

Nilikwenda kwenye kona. Mama wa munkoyo alikuwa mjane mnene mwenye kicheko kilichosikika mitaa miwili, akiuza kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi kutoka ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kitambaa. Aliniuzia kikombe kabla hajanisikiliza.

"Kumutukana?" alisema. "Mama, muntu iko mugonjwa wa kichwa. Utamutukana mugonjwa wa kichwa? Mungu ataniangalia namna gani?"

"Umewahi kumtukana Mbuzi mwenye malaria?"

"Ah, malaria ndiyo. Malaria nilimutukana mupaka akapona."

"Na mwenye msiba?"

"Musiba njo kazi yetu."

Akakoroga ndoo. Niliona amefika mwenyewe mahali nilipotaka kumpeleka, lakini hofu ilikuwa ingali usoni.

"Na kama anakasirika? Iko na mikono ya kubeba chuma, ule."

Hofu hiyo sikuidharau, kwa sababu nilikuwa nayo mimi pia. Tulifundishwa, na nimeona mara nyingi kwa macho yangu kuwa ni kweli, kwamba nyumba ya makelele na lawama humrudisha mgonjwa wa namna hii hospitalini upesi. Sasa mimi nilikuwa natafuta mtu wa kwenda kumtukana. Nilizungusha jambo hilo kichwani siku kadhaa. Lawama husema: wewe ni mzigo, wewe umetuharibia. Utani husema: wewe ni Mbuzi wangu. Mdomo unaweza kuwa ule ule, ila aliyelaumiwa anasukumwa nje, na aliyetaniwa anavutwa ndani. Niliona tofauti hiyo ni ya kweli na kwamba mgonjwa angeisikia. Kazi yangu ilikuwa kuitumaini kwa uangalifu.

Daktari mkuu alinisikiliza akiwa anatia saini karatasi zake.

"Yaani unataka nimwandikie mgonjwa matusi. Asubuhi, mchana na jioni?"

"Asubuhi tu, daktari."

Alicheka, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi. Kisha akaweka kalamu chini. "Uwepo mwenyewe mara ya kwanza. Na ukiona macho yake yamebadilika, mtoe yule mama nje."

Tulipanga na mke, kwa sababu nyumba ilikuwa yake na hatari ilikuwa yake. Alifikiri, akasema sawa, akawapeleka watoto kwa jirani. Asubuhi ile nilikaa kwenye kiti changu cha mlangoni. Mgonjwa alikuwa kitandani, ukuta mbele yake. Mama wa munkoyo akaingia ukumbini bila kubisha, ndoo kichwani.

"We Mbuzi!" alisema. "Mbuzi ya kufungiwa mu nyumba! Nilisikia harufu mpaka kwangu, nikasema, bon, iliisha kufa, niende nichukue ngozi yangu mbele ya bengine kuiiba."

Mke alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake kwa mikono miwili. Mimi nilitazama mabega ya mgonjwa, kwa sababu uso sikuuona. Mabega yalipanda, yakashuka.

"Chui amechelewa," alisema, bado akitazama ukuta. "Ngozi iliisha kuuzishwa."

"Uliuzisha kwa nani?"

"Kwa Chui mwenye anajua kuwinda." Akageuka. "Weye unauzisha munkoyo."

Mama wa munkoyo alicheka kile kicheko chake, akakaa chini bila kukaribishwa, na mke akatoka nje haraka kwenda kushughulika na moto ambao haukuhitaji kushughulikiwa. Walitukanana kwa muda: meno yake, ndevu zake, babu zao wote wawili. Sijawahi kusikia mazungumzo ya adabu yaliyonipa furaha kama matusi yale.

Kisha akamjazia kikombe. Mgonjwa alikipokea, na mkono ukatetemeka mpaka munkoyo ikamwagika juu ya goti.

"Angalia!" alisema mama. "Mbuzi anaona Chui, anatetemeka."

"Si woga," alisema. "Ni sindano yao." Alininyooshea kidevu bila hasira. "Na mikono ya namna hii, nitagusa muchanga namna gani? Bataniambia rudi kazini, nitaenda kubomoa. Afazali niwe fu, muntu wa wazimu, na mikono, kuliko niwe muzima bila mikono."

Sote hospitalini tuliamini kwamba anakataa sindano kwa sababu sauti inamkataza. Wagonjwa wengi huwa hivyo. Kumbe fundi alikuwa anailinda kazi yake. Hakuniambia mimi, ambaye nilimuuliza kwa upole na kwa maneno yaliyochaguliwa. Alimwambia mtani, kwa sababu mbele ya mtani mtu hawezi kuacha shutuma ya woga ipite bila kujibiwa.

Hicho ndicho kilichokuwa kitu cha kutumika. Nilimpeleka daktari kile nilichokiona: kikombe kilivyotetemeka, mkono upi zaidi, vidole vinavyokuwa vigumu asubuhi, na kazi ambayo vidole hivyo vinafanya. Daktari alipunguza dozi ya sindano na kuongeza dawa ya kutuliza mtetemo. Nilirudi na maelezo hayo kambini, nikayasema mbele ya mgonjwa na mkewe kwa Kiswahili chetu, pole pole, mpaka wao wakanieleza mimi. Alikubali sindano. Baada ya muda mikono ikatulia, si kabisa, lakini kiasi cha kutosha kushika kikombe kilichojaa.

Kuanzia hapo kazi yangu ikawa ile ambayo mtu akiitazama kwa nje haioni. Nilikaa naye tukaichunguza sauti kama mafundi wawili wanaochunguza mashine: inakuja saa gani, inapenda maneno gani, inaongezeka akiwa na njaa au bila usingizi, inapungua akiwa anafanya nini. Iligundulika kwamba ilipungua mikono yake ilipokuwa na kazi. Basi mke akamtafutia kazi: kufinyanga jiko la udongo, kisha majiko ya majirani. Siku za salongo, Jumamosi, watu wote walipotolewa kufyeka nyasi na kufagia njia kwa amri ya chama, naye alitoka na jembe, na watu wa Chui waliokuwa wamerudishiwa midomo yao walimpokea kwenye mstari kwa matusi ya wiki nzima. Mke nilimfundisha kutambua dalili za kwanza. Lakini alikuwa nazo tayari, hakujua tu kwamba zina thamani. "Anafunga dirisha mu muchana," alisema. "Mbele ya yote, njo dirisha." Tukakubaliana: dirisha likifungwa mchana, mimi najulishwa siku hiyo hiyo.

Shemeji wa mgonjwa alikuja kutoka Sakania kutaka kumpeleka kwa mganga wa kwao. Wenzangu hospitalini walitaka nikatae. Nilisema aende, ila baada ya sindano, na arudi mapema. Fundi alirudi na uzi mweusi kwenye kifundo cha mkono. Sikupigana na uzi. Alisema kule walimwuliza maswali mengi kuhusu marehemu baba yake, na kwamba ilimfaa kuulizwa.

Mawingu yalipoanza kukusanyika mchana, siku ya kamisheni ikafika. Siku iliyotangulia nilimkuta shemeji ukumbini, akimfundisha jibu.

"Bakikuuliza kama unasikia sauti, sema hapana. Iliisha. Simple. Ao unataka watoto balale inje?"

Mgonjwa alinitazama. Sauti ilikuwa haijaisha. Yeye, mimi na mkewe tulijua. Ningeweza kumwambia aseme ukweli kwa sababu ukweli ni mzuri, lakini haikuwa nyumba yangu. Nilimwambia ninavyoona. Akisema hapana, huenda wakampokea. Lakini siku sauti itakapopanda, atalazimika kuificha kwa kila mtu karakanani, na kujificha ndiko kulikomwangusha mara ya kwanza. Akisema ndiyo, huenda wakamwachisha, na mimi sina uwezo wa kuzuia. Nikamwambia kwamba lolote atakalochagua, sitalipinga mbele yao. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni. Aliendelea kukausha sahani ile ile.

Kamisheni ilikaa katika ofisi yenye picha ya Rais ukutani na feni isiyozunguka. Mwenyekiti alikuwa daktari wa karakana, mtu wa villa za Golf, mtaa wa matajiri, mwenye Kifaransa safi na viatu visivyojua vumbi letu. Pembeni yake mkuu wa wafanyakazi, na mwishoni mwa meza msimamizi wa fundi, yule yule ambaye sauti yake ilikuwa imekaa kichwani mwa mgonjwa. Niliketi nyuma.

Waliuliza usingizi, chakula, dawa. Alijibu kwa utulivu, mikono juu ya magoti, ionekane. Kisha mwenyekiti akamwita raia, kama sheria ya chama ilivyotaka:

"Citoyen, zile sauti bado unazisikia?"

Nje mtu alikuwa anagonga chuma.

"Bado, docteur," alisema fundi. "Kidogo. Iko sawa jirani mwenye radio. Siwezi kuenda kumuzimia radio yake. Lakini najua ni radio. Naendelea na kazi yangu."

Mkuu wa wafanyakazi aliifunika kalamu yake. Nilidhani nimeona nyumba ikifungwa. Lakini msimamizi alikohoa, akasema bila kumtazama mtu:

"Patron, kule ku furu, ku tanuru, tunasikia makelele siku muzima. Muntu mwenye anasema hasikii kitu, miye simutaki karibu na chuma ya moto. Huyu anajua anasikia nini. Mumurudishe ku muchanga. Mbali na furu kwanza, tutaona."

Mwenyekiti alinigeukia. "Na wewe, citoyenne? Unaiambia kamisheni kwamba mtu huyu amepona?"

"Hapana, daktari," nilisema. "Naiambia kamisheni kwamba ana ugonjwa anaoujua. Anachomwa sindano kila mwezi bila kusukumwa. Mke wake anajua dalili ya kwanza, na ikionekana mimi nitakuwa nyumbani kwake kabla haijawa ya pili. Majirani wanajua namna ya kuishi naye. Wafanyakazi wako wengi wazima hawana watu wengi namna hiyo nyuma yao."

Walitutoa nje tukasubiri kwenye benchi. Walipotuita, uamuzi ulisomwa kwa sentensi mbili: anarudi kazini, kwenye meza ya kalibu iliyo mbali na tanuru, akichunguzwa tena baada ya mvua, nyumba inabaki kwa jina lake. Fundi alisema merci, akasimama, akasahau kofia yake, akairudia.

Kwenye korido yule mwenyekiti alinifikia. Aliniuliza nilisomea wapi, kisha akaniuliza kama ningeweza kuwatembelea wagonjwa wengine wawili wa kambi hiyo. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Tangu siku hiyo, kila mgonjwa aliyetoka wodini kwetu niliulizia pia watani wake ni nani na kama wamenyamaza, na daktari mkuu akawafundisha wauguzi wapya waulize vivyo hivyo, kwa uso mkavu, kana kwamba swali hilo limekuwapo tangu hospitali ijengwe. Nimepokea vyeti katika maisha yangu. Hakuna kilichonifanya nitembee wima kama kusikia muuguzi kijana akimuuliza mama mwenye wasiwasi, "Na watani? Bado wanamtukana?"

Wiki iliyofuata, siku yangu ya kawaida, nilikwenda kambini. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku na ardhi ilikuwa laini. Mume alikuwa kazini. Mke nilimkuta nyuma ya nyumba, kitenge kimefungwa juu ya magoti, akilima. Matuta yalikuwa yamefika karibu na choo, na bakuli la mbegu za mahindi lilikuwa juu ya ukuta. Ua wa majirani wote ulikuwa umelimwa tangu mawingu ya mwanzo. Wake peke yake ulikuwa mgumu, kwa kuwa hakuna anayelima ua wa nyumba asiyojua kama ataibakia, na sasa alikuwa anaukimbiza.

Nilimsalimu, nikatafuta kiti.

"Mama, unisamehe," alisema, jembe likiwa juu. "Lelo sina nafasi ya kuzungumuza. Ukiweza, ukuye siku ingine. Mvua haitaningoya."

Jembe likashuka. Nikamwambia hakuna neno, nikageuka na kuondoka. Nimefukuzwa kwenye nyumba nyingi katika kazi hii, kwa hasira na kwa mbwa; kufukuzwa vizuri namna ile, sijapata tena.